Kuchelewa kunaanzaka jana mangaribi: mazungumzo na wazazi wa primeri, Kadutu, Bukavu

Jamboni ba mama, jamboni ba papa. Wale wamesimama ku mulango waingie, mabenchi iko hapa mbele, watu wa Bukavu tunapendaka kukaa nyuma hata pahali hakuna mwenye kutufukuza. Nimeombwa niongee juu ya watoto kufika ku masomo kila siku na kwa saa, na nitaongea kama mwalimu wa mwaka wa pili ya primeri, njo pale natumika, mambo ya sekondari wataongea wengine.

Vakasyo ya asubui, ni kusema zamu ya masomo ya asubui, inaanza saa moja na nusu. Mbele ya pale kuna mustari, bendera, wimbo, kiisha watoto wanaingia mu klasi na mwalimu anaita majina. Wazazi wengi wanawaza ile nusu saa ya kwanza ni ya kuita majina na kupanguza tablo tu, basi mutoto akifika saa mbili hajakosa kitu. Apana. Somo mupya, lile lenye nguvu, hesabu ao kusoma, tunaliwekaka paka pale mwanzo, juu kichwa ya mutoto haijachoka na njaa haijaanza kumusumbua. Mwaka wa kwanza na wa pili tunafundisha kusoma kwa Kiswahili, pole pole, leo tunaweka "m", kesho ma me mi mo mu, kesho kutwa tunasoma "mama" na "mimi". Sasa mutoto akifika wakati maelezo imeisha na tuko ku zoezi, anakuta wenzake wanaandika na yeye anaandika, anakopia umbo ya herufi bila kujua inalia namna gani, ni kama mutu anafika ku matanga katikati anaanza kulia mbele ya kuuliza nani amekufa. Na kaye yake mangaribi utaikuta imejaa, utafurahi.

Tufanye hesabu kidogo. Dakika 30 kila siku, siku 5, ni saa 2 na nusu kwa wiki. Wiki 4 ni saa 10. Vakasyo moja ni karibu saa 5, kwa hiyo ule mutoto tunasema "anachelewaka kidogo tu" amepoteza siku 2 nzima kwa mwezi, na ku rejista hakuna absansi hata moja! Toka Septemba mpaka mwisho wa mwaka wa masomo, hata ukitosha makonje, inapita wiki 3. Kiisha ku myaka ya mbele Kifaransa njo kinachukua nafasi ya kufundishia, mwenye hakushika kusoma kwa Kiswahili anaanza kuteseka mara mbili, na huku ndani ya nyumba wanasema mutoto ni mujinga.

Kitu kingine, nafasi. Toka Septemba 2019 primeri ya serikali ni bure, na Katiba ya 2006 mu article ya 43 ilikuwa imeisha kusema ni bure na ni lazima, ila ile ya lazima hatuipigiake mikono. Basi klasi zilijaa. Benchi ya watoto watatu wanakalia watano, na mwenye kufika wa mwisho anakaa chini, ao nyuma kabisa kwenye haoni tablo. Hata mwalimu mwenye roho muzuri hana benchi mu mufuko.

Sasa sababu. Mimi sipendi kusikia mutoto wa miaka 7 anapigwa juu amechelewa, juu yeye hana saa, hana ufunguo, hana franga, na si yeye anaamua saa ya kulala. Nikiuliza watoto pole pole, bila fimbo, wanaeleza. Ya kwanza ni iniforme. Mutoto ana shati moja nyeupe, imefuliwa Siku ya Mungu mangaribi, usiku mvua inanyesha (na munajua mvua ya Bukavu kati ya Septemba na Mei), asubui shati ingali na maji, mama anatafuta fero ya makala ili ikauke, makala nayo imelowa... saa mbili imefika na mutoto angali na singileti. Shati ifuliwe Siku ya Posho (Jumamosi) asubui, mvua ikikuja itaanikwa ndani na Siku ya Kwanza (Jumatatu) itakuwa imekauka, ni kitu kidogo sana lakini angalieni rejista zetu, Siku ya Kwanza njo mbaya kuliko zote.

Ya pili ni maji, na hapa nitakaa kidogo juu inaniuma. Robine ikikauka nani anatumwa? Binti. Mutoto wa kike wa miaka 9 anashuka bonde na bidoni mbele jua haijatoka, anapanga mustari ku chanzo, anapanda tena na ile uzito ku mugongo, kamba ku paji la uso, na mudogo wake wa kiume angali analala. Anafika ku klasi amechoka, anasinzia ku hesabu, na mwaka wa sita tunashangaa mabinti wamepungua. Ba papa, maji ichotwe mangaribi, na vijana wachote pia, mabega wanayo.

Nisiseme wazazi tu. Sisi walimu tuna makosa. Kuna masomo inafunga lango saa moja na nusu kamili na kurudisha watoto, eti disipline. Mutoto aliyechelewa dakika 10 sasa amekosa siku nzima, na nyumbani hafike, anashuka ku soko ao ku ziwa na wenzake. Ba mwalimu, mumupokee, mumuandike, muite muzazi. Na kufukuza mutoto mu klasi juu ya franga muzazi hajalipa, hiyo nayo ni absansi, ila tumeitengeneza sisi wenyewe.

Mama mumoja hapa anauliza, na kama mutoto anagonjwa? Abaki nyumbani, mama, homa haifundishwe. Tuma mutu atuambie siku ile ile. Akirudia usimutume tu akopie kaye ya jirani, kukopia si kuelezwa, kuja naye mapema ao mungojee saa ya rekre, dakika 10 zinatosha mwalimu kumuonyesha ile alikosa. Na siku kuna masasi ao njia imeharibika na mvua, hakuna mutu atakuuliza, uzima kwanza.

Papa mwenye kofia ameinua mukono kitambo, tumusikilize.