Nzi Jike Naye Apimwe

Habari za mchana, wanafunzi, na karibuni wageni mlioacha shughuli zenu kuja kusikiliza habari za nzi.

Hawa si wale wa chooni. Ni wadogo, kijani cha kung'aa, miguu mirefu. Mvua zikishika, kati ya Desemba na Aprili, nendeni Bwawa la Hombolo, karibu na mji wa Dodoma, mkawatafute kwenye tope la ukingoni. Wanawinda wadudu laini. Chakula chenu hawakitaki. Familia yao, Dolichopodidae, ina zaidi ya spishi 7,000 zinazojulikana.

Tangu Latreille, mtaalamu wa wadudu wa Ufaransa, alipoipa jina jenasi ya Dolichopus, kundi mojawapo la spishi katika familia hii, mwaka 1796, wataalamu wamemtazama zaidi dume. Si ajabu: dume ana madoido, mara manyoya miguuni, mara kiungo kikubwa cha uzazi kilichokunjwa chini ya tumbo. Ndiyo maana funguo nyingi za utambuzi, yaani miongozo ya kutambua spishi hatua kwa hatua, zinamfaa dume peke yake, na jike anaishia kwenye kisanduku cha “spishi haijulikani”. Mimi nauita uvivu wa kurithishana.

Kweli, jike ana kazi yake. Ncha ya tumbo lake imejificha, pingili ndani ya pingili. Inabidi uikate, uiloweke kwenye potasiamu haidroksaidi ya moto hadi nyama iyeyuke, uitie kwenye gliserini, ndipo uiweke chini ya hadubini. Hapo utamu unaanza! Katika jenasi nyingi, kibamba cha mwisho kimegawanyika pande mbili, kila upande una safu ya miiba minene. Hiyo ni reki yake ya kufukulia udongo anapotaga. Hesabuni miiba, tazameni urefu na ncha zake.

Medetera, anayekaa kwenye magome ya miti, hana haja ya reki. Mkia wake ni mwembamba, unarefuka kupenya nyufa, na mabuu yake huwinda mabuu ya mbawakawa humo ndani ya gome. Thrypticus, jenasi nyingine, naye ana upanga mgumu wa kutoboa mashina, kwa sababu mabuu yake, tofauti na ndugu zao wawindaji, hula mmea. Huko Amerika Kusini wako wanaokula magugu maji, na watafiti wamewachunguza kama silaha dhidi ya gugu hilo. Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa kwa nini.

Ila tahadhari. Kiungo hufuata kazi. Majike wawili wanaotaga kwenye mchanga wanaweza kufanana miiba bila kuwa na undugu wa karibu. Kwa hiyo ushahidi wa jike uwekwe kando ya ule wa dume na wa vinasaba. Vinasaba pia ndivyo vitakavyokuambia jike huyu ni wa dume yupi.

Kwa kukusanya, bakuli la njano lenye maji na sabuni kidogo linatosha. Na mkiwakuta wawili wameungana, msiwatenganishe: chupa moja, lebo moja.

Haya, maswali.