Saa Moja Baada ya Kujifungua: Hospitali Ipimwe Hapa

Msafiri: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo ni huduma katika hospitali za umma. Mada hiyo ni pana mno, kwa hiyo tumeibana iwe wodi ya wazazi tu, na ndani ya wodi tumeibana iwe saa moja: ile inayoanza mtoto akishatoka. Mimi ni Msafiri, na niko na Sista Zuhura. Sista, kwa nini saa hiyo?

Zuhura: Kwa sababu ndiyo inayoumbua hospitali, Dokta. Jengo linaweza kuwa jipya, vigae vinang'aa, nyota za ukaguzi zimebandikwa mlangoni. Mama akianza kuvuja damu saa tisa usiku, ndani ya robo saa utajua kama kuna hospitali pale au kuna jengo. Anahitajika mtu, dawa iliyotunzwa, kanula, yaani kale kabomba ka kuingia kwenye mshipa, maji ya dripu, damu, na simu inayopokelewa.

Msafiri: Tuwatendee haki waliofanya kazi. Utafiti wa afya ya jamii Tanzania wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulileta 104. Na wanawake wanaojifungulia kwenye vituo walifika asilimia 81.

Zuhura: Ndiyo, na hapo mzigo ukahamia kwetu. Miaka yote tulikuwa tunawaambia akina mama njooni hospitali. Wamekuja. Swali sasa ni wanakuta nini.

Msafiri: Tuanze na kipimo. Damu nyingi ni kiasi gani?

Zuhura: Kwa aliyejifungua kawaida, mililita 500 au zaidi ndani ya saa 24. Lakini kosa la kwanza, na kwangu ndilo baba wa makosa yote, ni kukadiria kwa macho. Damu nyingine imenywewa na khanga, nyingine iko kwenye pamba, nyingine imechanganyika na maji ya uzazi, nyingine imeingia kwenye ndoo chini ya kitanda. Mkunga anaandika "200" kwenye faili kwa sababu 200 ni namba iliyozoeleka. Fungua rejista za leba uone jinsi hizo 200 zinavyofuatana ukurasa mzima.

Msafiri: Dawa yake ni nini?

Zuhura: Kuna shuka la plastiki lenye mfuko uliochongoka kwa chini, una mistari ya vipimo. Unalitandika chini ya makalio mara mtoto akishatoka. Si kabla, maana maji ya uzazi yatakudanganya. Mfuko unaning'inia pembeni ya kitanda na damu inajikusanya humo. Mstari wa 300 ni wa tahadhari, wa 500 ni wa kuchukua hatua bila kujadiliana.

Msafiri: Na 300 haimaanishi usubiri ifike 500.

Zuhura: Hapana! Ikifika 300 huku mapigo ya moyo yamepanda kupita 100, au presha ya juu, yaani ile namba ya juu kwenye kipimo cha presha, imeshuka chini ya 100, unaanza matibabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2025 umekwenda njia hiyo. Na hapa niseme kitu kwa wauguzi wageni: mama mwenye umri mdogo, mwenye afya, anaweza kushikilia presha yake vizuri huku anaisha. Presha huanguka mwishoni. Linganisha namba mbili: mapigo ya moyo na presha ya juu. Mapigo yakiwa 118 na presha ya juu 104, yaani mapigo yameipita presha, huyo yuko hatarini hata kama anakujibu na kutabasamu.

Msafiri: Kituo kisicho na shuka hizo je?

Zuhura: Mzani wa kidijitali. Pima pedi na vitambaa vikavu, andika uzito wake ukutani. Vikishaloa pima tena, toa. Gramu moja ihesabu kama mililita moja. Si kazi ya kupendeza, lakini unapata namba badala ya hisia.

Msafiri: Sasa huu si ushauri wa vitabuni tu. Kulikuwa na utafiti uitwao E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham, matokeo yakatoka Mei 2023. Hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wanawake zaidi ya 200,000. Kule walikopima kwa shuka na kutoa matibabu yote kwa pamoja, madhara makubwa, yaani kupoteza damu lita moja au zaidi, kufunguliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kufariki kwa kuvuja damu, yalikuwa asilimia 1.6. Kule walikoendelea na utaratibu wa zamani, asilimia 4.3. Na dawa zenyewe hazikuwa mpya.

Zuhura: Tena hata ugunduzi. Upande wa zamani, karibu nusu ya waliovuja damu hawakutambuliwa na wahudumu. Nusu! Wamelala pale pale wodini.

Msafiri: Eleza hayo matibabu ya pamoja, kwa mpangilio wake.

Zuhura: Neno lenyewe ni "pamoja", Dokta, usiniharakishe kwenye mpangilio. Zamani tulifundishwa ngazi: kanda mfuko wa uzazi, subiri. Haujakaza? Ongeza oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, subiri. Bado? Mwite daktari, subiri.

Msafiri: Ngoja ngoja yaumiza matumbo.

Zuhura: Na hapa inaua. Sasa ni hivi: ukishatambua, vyote viwe vimeingia ndani ya dakika 15. Kanda mfuko wa uzazi mpaka ukaze, au kwa dakika moja. Moja tu. Nimesema moja kwa sababu mkunga akiwa peke yake anaweza kubaki anakanda dakika kumi na hakuna dawa iliyoingia. Ukikaza utausikia chini ya kitovu, mgumu kama embe bichi. Fungua mshipa kwa kanula nene, namba 16 au 18. Oksitosini yuniti 10 kwenye maji ya dripu ya mililita 200 hadi 500, yaende kwa dakika 10. Kisha yuniti 20 kwenye lita moja, kwa saa nne.

Msafiri: Na asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke.

Zuhura: Gramu moja, ambayo mara nyingi ni ampuli mbili za miligramu 500. Iende polepole, dakika 10. Ukiisukuma kwa sindano, mtu mmoja amefungwa pale dakika zote hizo ameshika bomba. Kama mko wawili zamu nzima, changanya kwenye mililita 200 za maji ya dripu, tundika, mikono ibaki huru. Damu ikiendelea baada ya nusu saa, rudia gramu moja.

Msafiri: Muda wake niusisitize. Itolewe ndani ya saa tatu tangu mtoto azaliwe. Baada ya hapo haisaidii. Na ndani ya hizo saa tatu, kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takribani asilimia 10. Kwa hiyo ukiniambia dawa ipo, lakini ipo famasia kuu, na ufunguo anao mfamasia aliyekwisha kwenda nyumbani, mimi naandika kwamba dawa haipo.

Zuhura: Andika. Trei ya dharura ikae leba: oksitosini iliyo kwenye friji ya hapo hapo, traneksamiki, kanula, seti ya dripu, maji ya dripu ya Ringa lita mbili, glavu ndefu, katheta, yaani mpira wa kutolea mkojo, na mfuko wa mkojo. Kila zamu ikipokezana wanahesabu na kusaini. Mtu akitumia kitu saa nne, anakirudisha kabla ya saa tano, hangoji asubuhi.

Msafiri: Tahadhari moja kabla hatujaondoka kwenye traneksamiki. Thieta nyingi zinaiweka karibu na dawa ya ganzi ya mgongo, na ampuli zake zinafanana. Ikichomwa mgongoni kwa bahati mbaya, mgonjwa anapata degedege na wengi hufa. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya hilo 2022. Usiziweke kabati moja. Kubandika lebo pekee hakutoshi, zitenganishe.

Zuhura: Halafu uchunguzi, ambao watu wanausahau wakishatundika dripu. Kibofu kikijaa, mfuko wa uzazi haukazi vizuri, kwa hiyo toa mkojo. Angalia kondo la nyuma, limetoka lote? Ligeuze, kagua upande uliokuwa umeshika mfuko, kama kuna pengo kipande kimebaki. Kisha njia ya uzazi na mlango wa kizazi. Mfuko umekaza lakini damu bado inatiririka, tena nyekundu ya kung'aa? Tafuta palipochanika, lete taa, acha kuongeza oksitosini ukitegemea muujiza.

Msafiri: Na kama damu haigandi?

Zuhura: Maabara ya usiku usiitegemee. Chukua mililita mbili kwenye kichupa cha kioo kikavu, kisicho na dawa ndani. Kishike kwenye ngumi kipate joto la mwili. Dakika nne zikipita, kiinamishe taratibu, na uendelee kila dakika. Ikifika dakika saba hakuna bonge, au lipo laini linalovunjika ukitikisa, damu haigandi. Hapo anahitaji damu na plazma, ile sehemu ya majimaji ya damu yenye vigandishi, na pengine rufaa. Ukijaza maji tu unazidi kuichujusha damu iliyobaki.

Msafiri: Turudi kwenye friji, uliigusa ukaikimbia.

Zuhura: Friji ni kipindi kizima, Dokta. Oksitosini inataka nyuzi joto 2 hadi 8, kuanzia kiwandani mpaka kwenye bomba la sindano. Bohari ya Dawa inaweza kuisafirisha kwenye baridi, ikifika hospitali ikashushwa na katoni za glavu, ikalala stoo siku mbili. Au leba wanaitoa asubuhi, ampuli kumi kwenye trei juu ya toroli, Dar es Salaam, mwezi wa pili, feni imeharibika. Nguvu inapungua na huwezi kuiona, maji ni meupe vile vile. Mkunga anachoma yuniti 10 ndani ya dakika moja ya kuzaliwa kama alivyofundishwa, mama anavuja, wanasema "mwili wake haupokei dawa". Kumbe dawa ilishakufa.

Msafiri: Na zile zinazoandikwa kwenye boksi kwamba zinavumilia nyuzi 25?

Zuhura: Ziweke kwenye friji vile vile. Ukianza kuzigawa, huyu wa friji, huyu wa kabati, siku moja mtu atakosea. Kipimajoto ndani, daftari mlangoni, kusoma asubuhi na jioni. Na chakula cha wafanyakazi kitoke humo, kwa sababu friji inayofunguliwa kila mtu akifuata soda haibaki kwenye nyuzi 8. Umeme ukikatika, toa ampuli moja moja kwa kila mama. Kwa vituo ambako umeme ni wa kubahatisha, kuna kabetosini inayostahimili joto, dawa nyingine ya kukaza mfuko wa uzazi, mikrogramu 100, kwa kuzuia mama asivuje damu. Kama hakuna lolote, vidonge vya misoprostoli.

Msafiri: Wafanyakazi. Watu wataniuliza mbona hamsemi wako wachache.

Zuhura: Wako wachache. Saa ya kwanza mama anatakiwa kuangaliwa kila dakika 15: damu, mfuko wa uzazi, mapigo, presha. Mkunga mmoja, mama watano, wawili wanasukuma. Hesabu haikubali. Ninachokataa ni kutumia uchache kama jibu la kila kitu. Uchache haukuzuii kumlaza aliyejifungua kitanda cha karibu na meza ya wakunga badala ya kumpeleka mwisho wa korido. Haukuzuii kumfundisha mwenyewe, au mama yake kama anaruhusiwa kuingia: shika hapa, pawe pagumu, pakilegea ita.

Msafiri: Na aite bila kuogopa.

Zuhura: Hapo umegusa. Aliyekaripiwa alipopiga kelele za uchungu hataita pedi ya pili ikiloa. Atanyamaza, ataona anasumbua. Lugha mbaya leba tunaihesabu kama suala la adabu, mimi ningeihesabu kama kuchelewesha matibabu. Ndugu mlio nje nanyi: kama pedi inaloa yote ndani ya dakika chache, au mgonjwa anasema anaona giza, ana kiu kali, jasho la baridi, msisubiri raundi ya daktari. Ingieni, semeni "anavuja damu". Maneno hayo mawili.

Msafiri: Damu yenyewe. Hospitali nyingi za wilaya friji ya damu ina chupa mbili tatu, na si kundi unalotaka.

Zuhura: Kundi la damu lijulikane kliniki, liandikwe kwenye kadi. Wachangiaji wawili wajulikane kabla ya uchungu, si kutafutwa usiku getini. Na sampuli ya kupatanisha damu ichukuliwe wakati uleule unapoweka kanula, maana mishipa ikishasinyaa utachoma mara sita.

Msafiri: Ikishindikana, rufaa. Usafiri wa dharura wa m-mama unaitwa kwa 115. Wakati gari linakuja, mnafanya nini?

Zuhura: Mkono mmoja ndani ya uke umekunjwa ngumi, mwingine juu ya tumbo, unaubana mfuko wa uzazi katikati. Unachosha, mnapokezana. Puto la kuziba ndani kama lipo na mtu anajua kulitumia. Dripu ya oksitosini inaendelea njiani, muuguzi anapanda gari, si ndugu peke yake. Barua iseme kiasi cha damu kilichopimwa, saa mtoto alipozaliwa, na saa traneksamiki ilipoingia, ili wanaopokea wajue kama dozi ya pili imefika wakati.

Msafiri: Na muwapigie kabla.

Zuhura: Kabla gari halijaondoka. Namba ya leba ya hospitali inayopokea ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, maana ikiwa kwenye simu ya muuguzi mmoja, siku yuko likizo mtaanza kuulizana.