Chumvi Chini ya Zulia: Utunzaji wa Mazulia ya Boti

Waheshimiwa manahodha, ndugu zangu mabaharia, wasafishaji na wenye vyombo, assalamu alaikum, na habari za asubuhi. Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kuzungumza juu ya kitu ambacho kila abiria hukikanyaga na ambacho ni wachache wanaoinama kukitazama. Nimesafisha mazulia ya boti hapa Unguja kwa miaka mingi, kuanzia boti za abiria zinazokwenda Dar es Salaam na Pemba hadi boti ndogo za watalii na za uvuvi kule Nungwi, na jambo lililonileta mbele yenu ni moja. Uchafu tunaouona juu ya zulia la boti haujawahi kunipa hofu kubwa. Kinachoniogopesha ni chumvi na unyevu uliojificha chini yake, ambao huliua zulia na kisha kuanza kuila sakafu yenyewe ya chombo.

Nianze na chumvi. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Ukimwaga ndoo ya lita 10 sakafuni, maji yatakauka na kwenda zake, lakini gramu 350 za chumvi, zaidi ya theluthi ya kilo, zitabaki pale pale. Kwenye deki tupu chumvi hiyo huondoka kwa mvua na ufagio. Ndani ya zulia huzama hadi kwenye mashina ya nyuzi, na ikikauka huwa chembe zenye pembe kali ambazo kila kiatu kinachopita huzisugulisha kwenye nyuzi kama msasa. Ikikutana na hewa yenye unyevu hufanya jambo baya zaidi, nalo ni kuvuta maji. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji ya hewani unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, na madini mengine yaliyomo katika chumvi ya bahari, hasa yale ya magnesi, huanza mapema kuliko hapo. Hewa ya pwani yetu hupita kiwango hicho mara nyingi, hasa usiku na wakati wa masika. Ndiyo maana mtu anaweza kulianika zulia kutwa nzima likakauka kama ubao, kisha alfajiri akalikuta lina majimaji na akaanza kutafuta pahali boti inapovuja. Akina mama wanaotia punje za mchele ndani ya kikopo cha chumvi jikoni wanaijua elimu hii tangu zamani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya sabuni yoyote, ni kuitoa chumvi, na chumvi hutoka kwa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Naomba muyaonje kwanza, kwa sababu visima vingi vya karibu na ufuko hutoa maji ya chumvichumvi, na nimewahi kuona watu wakilisuuza zulia kwa maji hayo wiki hadi wiki wakishangaa kwa nini halikauki. Hapa kuna mtego ambao nataka tuutazame kwa makini. Wazee wa majahazi walijua kwamba maji ya mvua huozesha mbao upesi kuliko maji ya bahari, na walikuwa sahihi, kwa kuwa chumvi huwazuia kuvu wanaokula mbao, ilhali maji baridi huwakaribisha. Ubao ukishapita unyevu wa asilimia 20 hivi, na ukabaki hivyo, kuvu hupata makazi. Tunahitaji maji baridi ili kuliokoa zulia, na maji hayo hayo tukiyaacha chini yake yataiozesha plaiwudi iliyolibeba. Ustadi wote wa kazi hii umo katika kuyatumia kwa uchache na kuyatoa yote.

Niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu. Niliitwa kwenye boti moja ya watalii ambayo abiria walikuwa wakilalamikia harufu ya kabini. Zulia lilikuwa safi kwa kulitazama, tena linanukia sabuni, kwa sababu lilikuwa likioshwa kila Ijumaa kwa ndoo na brashi. Lilikuwa limegandishwa kwa gundi. Nilipoinua pembe iliyokuwa chini ya dirisha, gundi iliachia yenyewe kama utandu, na chini yake palikuwa na maji ya rangi ya chai. Nilichukua kisu kidogo nikaigusa plaiwudi, na kisu kikazama hadi kwenye mpini kama vile kimeingia katika muhogo uliochemka. Skrubu zilizoshikilia sakafu zilikuwa zimebaki vichwa tu. Mpira wa dirisha ulikuwa umepasuka na kuingiza mvua, lakini sehemu kubwa ya maji yale ilikuwa ya kuoshea, yaliyomwagwa kwa nia njema kila wiki na kukosa njia ya kutokea. Mwenye chombo alilazimika kubomoa sakafu nzima. Tangu siku hiyo siingii kwenye boti yoyote kusafisha kabla sijainua pembe.

Walio na boti za alumini wasidhani kuwa wamesalimika kwa sababu hawana mbao. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba unaojijenga upya kila unapokwaruzwa, mradi hewa inaufikia. Ukiifunika kwa zulia bichi lenye chumvi, hewa haifiki, na bati huanza kuliwa kwa vishimo vidogo vyenye unga mweupe. Hata chuma tunachokiita kisichoshika kutu hushika kutu katika hali hiyo, kwa sababu ile ile.

Sasa namna ya kufanya. Fyonza mchanga na vumbi kwa mashine likiwa bado kavu, taratibu, ukipita kila sehemu kwa pande mbili, maana mchanga ukishaloa huwa tope na tope huzama. Kisha nyunyiza maji baridi kwa bomba la kunyunyizia, yale ya kulowesha nyuzi tu, na mara moja uyafyonze kwa mashine inayofyonza maji. Mimina maji yaliyofyonzwa kwenye ndoo nyeupe uyatazame. Rudia eneo dogo dogo, la upana wa mkeka mmoja, mpaka maji yatoke yakiwa meupe na, ukichovya kidole na kuonja, hayana chumvi. Baada ya hapo ndipo sabuni ya kuoshea vyombo iingie, kijiko kimoja katika ndoo, kisha suuza tena. Sabuni inayobaki hunata na kukusanya vumbi, na zulia huchafuka upesi kuliko lilivyokuwa kabla ya kuoshwa. Mwisho, inua pembe na kingo, weka kitu cha kuzishikilia juu, na elekeza feni ipulize chini ya zulia. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, kwani ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya siku moja au mbili.

Kabla ya kutumia dawa yoyote, jueni zulia lenu ni la nini. Chomoa uzi mmoja mahali pasipoonekana, ulowanishe kwa vidole hadi viputo vya hewa vitoke, kisha uutumbukize ndani ya glasi ya maji. Ukielea, kwa kawaida ni polipropilini, ambayo ndiyo nyuzi ya mazulia mengi ya boti, nyepesi kuliko maji na isiyonywa maji. Ukizama, yaelekea ni nailoni, poliesta au sufi. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kimeniokoa mara nyingi, kwa sababu jiki, ambayo polipropilini huweza kuistahimili, huiharibu sufi moja kwa moja na hupausha na kudhoofisha nailoni. Polipropilini nayo ina udhaifu wake: inayakataa maji lakini inayapenda mafuta, na dizeli ikiingia humo haitoki kwa kusuguliwa. Mwagia unga wa mbao mkavu, uache unywe, uufagie, uweke mwingine, na ufanye hivyo mara kadhaa kabla ya kugusa sabuni.

Damu ya samaki husafishwa kwa maji yasiyo ya moto, kwani joto huigandisha kwenye nyuzi. Matapishi, ambayo sisi wa mkondo wa Unguja tunayajua vizuri katika miezi ya kusi, hukwanguliwa kwanza, yakasuuzwa kwa maji ya kawaida, kisha sehemu ikafunikwa kwa bekingi soda usiku kucha. Ukungu ulioanza kuota karibuni hufutwa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Naomba hapa nisikilizwe vizuri: siki na jiki zisikutane kamwe, wala jiki na dawa yenye amonia, kwa sababu hutoa gesi ya sumu, na kabini ya boti ni chumba kidogo chenye mlango mmoja.

Kuna doa moja ambalo boti za watalii hunionyesha kila msimu, nalo ni doa la rangi ya chungwa linalofanana na kutu, mara nyingi karibu na ngazi ya kupandia kutoka majini. Wengi hudhani ni kutu ya skrubu. Huenda ikawa hivyo, lakini mara nyingi chanzo chake ni mafuta ya kujikinga na jua, ambayo baadhi yake yana kiambato kiitwacho avobenzoni. Kiambato hicho kikikutana na chuma kidogo kilichomo katika maji hubadilika rangi. Akija mtu na jiki, doa hugeuka kuwa jekundu zaidi. Dawa yake ni sabuni ya vyombo kuyaondoa mafuta kwanza, kisha maji ya ndimu kuiondoa rangi ya chuma, kisha kusuuza.

Nimeulizwa mara nyingi ni zulia gani linafaa. Jibu langu ni lile linaloweza kutoka. Zulia lililoshonwa kingo na kushikwa kwa vifungo hubebwa nje, likaning'inizwa mgongo ukielekea jua na uso ukielekea kivuli, na upepo wa kaskazi ukalimaliza kwa saa chache. Lisiwekewe sponji chini, kwa kuwa sponji ni tangi la maji. Wavu mgumu wa plastiki unaopitisha hewa unatosha. Kwenye milango ya ngama, yaani tumbo la chini la chombo yanapokusanyika maji, zulia likatwe kwa mzunguko wa mlango ili mtu aweze kufungua bila kung'ang'ana, na nyuzi zilizochanika zikatwe, maana nyuzi hizo hushuka ngamani na kuziba pampu, na pampu iliyoziba hugunduliwa siku inapohitajiwa.

Kinga kubwa kuliko zote tunayo katika desturi zetu. Mazulia ya misikiti yetu hukaa safi kwa miaka, na kila mmoja wetu anajua kuwa sababu ni viatu kuachwa mlangoni. Wageni hukubali bila tatizo wakiambiwa kwa heshima na wakiwekewa kapu la viatu, pamoja na beseni la maji baridi la kuoshea miguu yenye mchanga na mkeka wa makumbi wa kujifutia. Nimeona boti mbili za umri mmoja, za mwenyewe mmoja, moja ikiwa na kapu na nyingine bila, na tofauti ya mazulia yake ilionekana kabla ya mwaka kwisha. Tunapopiga deki nyumbani tunatumia neno lililotoka melini, na ningefurahi kuona desturi ya viatu ikisafiri upande wa pili, kutoka nyumbani hadi melini.

Maji machafu msiyamwage bandarini. Sabuni hudhuru samaki, nyuzi za plastiki hazifi, na kutupa plastiki baharini kutoka chombo chochote kumepigwa marufuku na MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia vyombo visichafue bahari, ambao sehemu yake ya tano ilianza kutumika tarehe 31 Desemba 1988. Pelekeni ndoo nchi kavu.

Na siku zulia likifika mwisho wake, msilichane ovyo mkalitupa. Sakafu ya boti haina pembe mraba, inapinda kuelekea omo, yaani mbele ya chombo, na kila nguzo ina umbo lake. Liondoeni zima, likaushwe, liandikwe kwa chaki mgongoni upande wa omo, kushoto na kulia, kisha fundi alitandaze juu ya mgongo wa zulia jipya, mgongo kwa uso, na kulifuata kwa kisu kikali, akiacha upana wa kidole pembeni, kwa sababu lile la zamani huwa limesinyaa.