Mzani Ukigoma Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Tumbo

Karibuni, mama zangu, dada zangu, na kaka zetu wachache ninaowaona pale nyuma. Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu. Umefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, yaani mfuko wa chakula, umeshuka kilo 30, labda 40, nguo zimepwaya, majirani wamekushangaa. Kisha mzani ukagoma. Miezi sita, mwaka, haujasogea. Wengi mkifika hapo mnafanya kitu kilekile: mnapunguza kula. Mnaruka mlo wa usiku, mnashinda na chai. Leo nimekuja kuwasihi muache.

Kwanza tuelewe kwa nini unagoma. Mtu wa kilo 120 akishuka hadi 85, mwili alionao sasa ni mdogo, na mwili mdogo hutumia nishati kidogo. Kwa makadirio, kila kilo inayoondoka inapunguza matumizi ya siku kwa kalori 20 hadi 25. Zidisha kwa kilo 35, unapata kalori 700 na kitu kwa siku. Kwa hiyo chakula kilichokuwa kinakushusha mwaka wa kwanza, hichohicho ndicho kinachokusimamisha mwaka wa tatu. Halafu kuna njaa. Wale mliokatwa mfuko wa chakula ukabaki kama mrija, mliondolewa kama robo tatu yake au zaidi, pamoja na eneo linalotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini. Ndiyo maana miezi ya mwanzo mlikuwa mnakumbushwa kula. Taratibu hamu inarudi, na kurudi kwake si uzembe wa mtu.

Sweden walianza mwaka 1987 utafiti ambao mimi nauheshimu sana kwa subira yake. Waliwafuatilia watu 2,010 waliopasuliwa, na wengine wanaokaribia idadi hiyo ambao hawakupasuliwa. Waliochepushwa utumbo, yaani chakula chao kikaelekezwa kuruka sehemu ya tumbo na utumbo, walifika chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, wakiwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 32. Baada ya miaka 10 walikuwa chini kwa asilimia 25. Maana yake kusimama, na hata kurudisha kilo kadhaa, ni jambo la kawaida. Na bado vifo vilikuwa vichache kwa waliopasuliwa kuliko kwa wenzao. Mtu asikwambie upasuaji wako umeharibika kwa sababu tu mzani umetulia.

Sasa niwaeleze habari ya mama mmoja niliyemhudumia. Alikuja miaka minne baada ya upasuaji, amekwama kilo 94 kwa mwaka na nusu. Nikamwomba aandike kwa siku tatu kila kinachopita mdomoni. Akaniletea daftari la shule la mwanawe, ameandika kurasa za katikati. Ugali, kipande cha ukubwa wa yai. Samaki, nusu. Mchicha, vijiko viwili. Usiku hakuna kitu. Ukisoma milo peke yake ungesema mama huyu amefunga. Lakini pembeni mwa ukurasa, kwa wino mwingine, kulikuwa na orodha ya pili: chai ya maziwa vikombe vinne, kila kimoja sukari vijiko viwili. Juisi ya embe. Karanga "kidogo", mara tatu. Mkate aliobakiza mtoto. Uji, kwa sababu nyama "inakwama".

Karanga za kujaa kiganja ni kama gramu 30, na zina kalori zipatazo 170. Mara tatu ni zaidi ya 500, na hapo hatujagusa juisi wala uji. Yeye mwenyewe alishtuka, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Lakini mimi sili."

Na alikuwa mkweli. Hakuwa anakula, alikuwa anadokoa na kunywa. Upasuaji unakuzuia kwa chakula kigumu: maharage, nyama, yai, mboga, vijiko vichache, umeshiba. Uji, juisi, aiskrimu, biskuti iliyochovywa kwenye chai vinateleza. Na kinachodokolewa kutwa hakikufikishi kwenye shibe. Ukiruka mlo wa usiku unaacha kile ambacho tumbo lako linaweza kukizuia, halafu njaa inakupeleka kwenye kile lisichoweza.

Tena ukijinyima milo, misuli ndiyo inayoliwa, na misuli ndiyo inayotumia nishati hata ukiwa umelala. Mnahitaji protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo hesabu haijifikishi yenyewe. Anza na samaki, dagaa, kuku au maharage kabla hujagusa ugali au wali. Ukimaliza, ngoja nusu saa ndipo unywe. Na mazoezi ya nguvu tafadhali. Kutembea ni kuzuri ila hakutoshi. Inuka kitini bila kujishika, mara kumi, pumzika, rudia.

Kuna wengine ambao tatizo haliko kwenye sahani kabisa. Insulini, prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe), na baadhi ya dawa za sonona huongeza uzito; msiziache wenyewe, ila mwambieni daktari. Apime na tezi ya shingo. Pengine ataangalia mfuko kwa kamera, kuona kama umetanuka. Dawa za kupunguza njaa kama semaglutaidi nazo hutumika kwa waliopasuliwa, na kuzihitaji si aibu.

Yule mama hatukumpunguzia mlo. Tulimrudishia chakula cha usiku, tukaongeza yai asubuhi. Chai ikabaki vikombe viwili bila sukari, uji ukaondoka, karanga zikapimwa na kuliwa mezani. Miezi mitano baadaye alikuwa kilo 89, akasimama tena. Kisukari chake hakijarudi, na anapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kazini bila kupumzika njiani. Tumekubaliana 89 ni pa kukaa.

Pale mezani kuna madaftari, kila mtu achukue lake. Andikeni siku tatu, mojawapo iwe siku ya shughuli, na pembeni mwa ukurasa mwachie nafasi ya kutosha.