Sili ya Akiba Imekatika: Nani Aulizwe?

MISHI: Haya, tumeanza. Leo nina mambo matatu: sili ya parachuti ya akiba, yaani ile ya pili inayofunguliwa kubwa ikikataa, kadi ya kumbukumbu ya upakiaji, na chumvi ya bahari kwenye vyuma. Swaleh, leo tuyamalize yote.

SWALEH: Bismillahi. Anza.

MISHI: Juma hili nimeletewa parachuti kutoka Diani. Ilikuwa imesafirishwa kwa ndege, na kufika kwake uzi wa sili umekatika, kile kidonge cha madini ya risasi kimeangukia kwenye kona ya begi. Pini iko mahali pake, kadi haijapitwa na tarehe. Mwenyewe ataka nimpigie sili nyingine, basi.

SWALEH: Na weye?

MISHI: Nimekataa. Yafunguliwa yote, yakaguliwa, yapakiwa upya.

SWALEH: Hapo tutagombana. Lakini kwanza waeleze watu hiyo sili ikoje, maana Mombasa ukitaja sili mtu awaza kontena.

MISHI: Ukishafunga vifuniko vya akiba, kitanzi kinatokeza juu ya matundu yenye pete, na pini inapita ndani ya kitanzi kukizuia kisirudi. Unachukua uzi mwekundu wa pamba, ule maalumu, unaokatika ukivutwa kwa nguvu ya kilo 2 na kidogo. Unaufunga kwenye pini na kitanzi, uzi mmoja, usilegee. Ncha zake unazipitisha kwenye kidonge cha risasi, unakibana kwa koleo yenye alama yako. Kwa sheria ya Marekani, kanuni ya 65.133, kila fundi mwenye leseni ana alama aliyopewa, na hana ruhusa ya kuiacha parachuti aliyoipakia bila sili hiyo.

SWALEH: Pamba, si nailoni.

MISHI: Hapo ndipo watu huharibu. Nailoni haikatiki kirahisi. Wengine wakiuona uzi mwembamba wanaukunja mara mbili, na nguvu ya kuukata inakaribia kuwa maradufu. Kishikio cha akiba, kile ambacho waya wake huchomoa pini, kinatakiwa kivutike kwa pauni 22 au chini yake, yaani kilo 10 hivi, na humo umo msuguano wa pini pia. Mtu anaanguka, pengine mkono mmoja umeumia. Hizo kilo unazomwongezea utamtolea wapi? Na kidonge nacho kilale pembeni, kisije kikavutwa pamoja na pini kikakwama kwenye mdomo wa bomba linalopitisha waya huo.

SWALEH: Basi hii si kufuli. Bandarini jambo hili walishalipanga. Kiwango cha ISO 17712 kina madaraja matatu: I, S na H. H ni ile bolti nene, huikati bila mkasi mkubwa wa chuma. I yaonyesha tu kwamba kuna aliyegusa. Ya parachuti ni jamii ya I.

MISHI: Umeshafika Kilindini!

SWALEH: Niache nifike, faida iko huko. Kontena ikipokelewa, karani mzuri hatosheki kuiona bolti. Anasoma nambari yake, anailinganisha na ya kwenye makaratasi, kisha anaivuta na kuizungusha. Sili nzima yenye nambari ngeni ni mbaya kuliko iliyokatika, kwa sababu iliyokatika haidanganyi.

MISHI: Hilo nalikubali. Alama kwenye risasi isomwe, ilinganishwe na iliyo kwenye kadi. Wengi hutazama kidonge tu, wakapita.

SWALEH: Na kuna wezi wasiogusa sili kabisa. Wanatoa ribiti za komeo la mlango, wanafungua, wanachukua mali, wanarudisha ribiti na kupaka rangi. Nambari ni ile ile, mzigo hamna. Ndiyo maana mkaguzi hutazama ribiti na bawaba: rangi yalingana na ya mlango mzima?

MISHI: Kwetu tundu hilo ni uzi uliolegea. Pini inatolewa na kurudishwa, uzi haujakatika. Aliyefungua anaweza kushikilia kitanzi kwa pini ya muda, na akiisahau humo, akiba haifunguki hata uvute vipi. Ndiyo sababu pini ya muda inafungwa utepe mrefu mwekundu, na zana zote zinahesabiwa kabla risasi haijabanwa, si baadaye.

SWALEH: Sawa. Lakini hapa pini ya muda hamna, umeiona kwa macho yako. Pamba imekatika ndani ya begi. Fundi aliyeipakia aitwe, atazame pini, kitanzi na vifuniko, apige sili yake tena. Kufungua na kukunja tena nako kunachosha kitambaa.

MISHI: Naye begini hakuwemo, yakhe. Kadi yaeleza kazi ya siku ile. Baada ya siku ile shahidi ni sili, na shahidi hayupo.

SWALEH: Lakini alama ni yake, dhamana ni yake. Akiridhika, wewe wamkataza kwa nini?

MISHI: Kwa sababu anayeruka si yeye. Na mimi nikipiga yangu, nimebeba mikunjo nisiyoiona.

SWALEH: Wewe, sawa, usipige. Yeye nasema ana haki.

MISHI: Mimi nasema hana.

SWALEH: Sikubali.

MISHI: Usikubali. Dakika mbili zimebaki na kadi hatujaigusa.

SWALEH: Itaje upesi.

MISHI: Tarehe na mahali pa kupakia, kasoro zilizoonekana, jina la fundi, nambari ya leseni. Marekani muda wa akiba kabla ya kupakiwa upya ni siku 180. Hadi 2008 zilikuwa 120. Mliouliza kuhusu kutu kwenye pete za matundu, leo haiwezekani tena.

SWALEH: Na sijasema kitu kuhusu sili za elektroniki za mizigo ya kwenda Uganda. Zile lori likiwa barabarani, sili ikifunguliwa, habari inafika pale pale, kwa hivyo lile swali lako la nani alikuwepo katikati ya safari—

MISHI: Swaleh, muda!

SWALEH: —lina jibu, lakini ndani yake lazima kuwe na betri, na betri—