Anayeuguza Naye Apewe Somo

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za mchana. Nawashukuru kuja, maana najua kila mmoja wenu ameacha mtu kitandani, na aliyemwachia anatazama saa.

Hapa kwetu Tanga mwari hatolewi bila kungwi. Binti akivunja ungo ana somo wake, yaani mtu mzima aliyepitia hayo, wa kumfunza na kumshika mkono. Akiolewa, somo yupo. Akijifungua, kuna mtu mzima wa kumkanda na kumwonyesha mtoto anavyoogeshwa. Lakini baba akianguka bafuni, akaamka nusu ya mwili haina nguvu, binti huyohuyo anakabidhiwa mgonjwa na mfuko wa dawa, basi. Kuuguza hakuna somo. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani leo.

Mama yangu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia. Siku ya kuruhusiwa hospitali tulipewa karatasi ya dawa na tarehe ya kliniki. Namna ya kumgeuza hatukuambiwa. Wiki ya tatu, nikimwogesha, nikaona ngozi ya kwenye kifandugu imekuwa nyeusi kuliko kwingine, na nikiigusa ina moto. Nikadhani ni joto la godoro, nikapaka poda. Siku nne baadaye pakachubuka.

Jirani yetu, bibi aliyemuuguza mumewe miaka sita, alikuja kumjulia hali. Akanikuta namnyanyua mama kwa kumshika kwapa na kumvuta. "Mwanangu, acha," akaniambia. "Bega hilo halijishikilii, utalitoa." Akaomba kanga kuukuu, akaikunja mara mbili, akaipitisha chini ya mama kutoka mabegani hadi mapajani. Yeye upande ule, mimi huku, tukashika pembe, tukamsogeza mama juu bila ngozi kuburuzika. Kisha mto mgongoni, mto katikati ya magoti, na shuka iliyokunjwa chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kila baada ya saa mbili anageuzwa, usiku na mchana. Na nguo: mkono uliopooza hutangulia kuvaa, na huwa wa mwisho kuvua. Mimi wiki tatu nzima nilifanya kinyume. Mama akilia, nikidhani ni huzuni.

Muuguzi wa hospitali anayajua hayo yote. Ila ana wodi nzima, na hajawahi kukesha na mgonjwa huyu katika nyumba ambayo maji yanachotwa kwa ndoo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana bibi yule aliniita uani akaniuliza swali ambalo hospitali hakuna aliyeniuliza: "Umeshamfokea?"

Nikalia. Asubuhi ile nilikuwa nimemfokea mama kwa kutema uji. Bibi akasema naye alimfokea mumewe, tena si mara moja. Halafu akaingia jikoni tukapika uji mzito. Tukamketisha mama wima, kidevu kimeinama kidogo kifuani, kijiko kidogo kidogo, na hatukumlaza mpaka nusu saa ikapita. Mama hakuwa mkaidi. Koo nalo lilikuwa limepata udhaifu.

Jambo hili linawezekana kupangwa, lisiachiwe bahati ya kuwa na jirani mwema. Cape Town, mwaka 2001, daktari Mitch Besser alianzisha shirika liitwalo mothers2mothers. Akina mama wanaoishi na VVU, waliokwisha kupita njia ile, waliajiriwa wakae kliniki na kuwashika mkono wajawazito waliopimwa karibuni. Waliajiriwa, nasisitiza, kwa mshahara. Tusimgeuze somo kuwa mtu wa ahsante tu. Nauli yake itoke wapi? Hata kungwi hupewa fungu lake.

Somo wa kuuguza ana mipaka yake pia. Hagawi vidonge vya presha vilivyobaki kwake. Mdomo ukipinda upya, ulimi ukawa mzito ghafla, homa ikapanda au kidonda kikaanza kunuka, kazi yake ni kusema "twendeni hospitali" na kutafuta bajaji.

Na akina baba msikae nyuma. Wake zenu nao hupooza, na mwanamume anayeuguza ndiye hana kabisa wa kumuuliza.

Mimi naomba kitu kimoja: somo afike wiki ya kwanza, kabla ngozi haijachubuka. Waliouguza zaidi ya mwaka wakae kushoto kwangu. Ambao mgonjwa ametoka hospitali ndani ya miezi mitatu, kulia. Asiondoke mtu hapa bila namba ya simu ya mwenzake wa upande wa pili, na nyumba zao ziwe karibu kadiri iwezekanavyo.

Sasa lile godoro lisogezwe hapa mbele. Nani ana kanga kuukuu? Nataka kijana mmoja mzito alale, na wawili ambao hawajawahi kumgeuza mtu waje washike pembe.