Umeme wa Miguu: Namna ya Kujitengenezea Jenereta ya Pedali

Habari zenu nyote, na karibuni. Naona macho yameshaenda kwenye hii mashine hapa mbele. Subirini kidogo, zamu ya kuipanda itafika.

Swali ninaloulizwa kwanza kila ninapozungumzia jambo hili ni mota gani inunuliwe. Nami hujibu kwa swali: mguu wako una wati ngapi? Mtu mzima mwenye afya ya kawaida anaweza kukanyaga pedali kwa wati 75 hadi 100 kwa saa nzima. Aliyejizoeza anafika 200. Bingwa wa mashindano makubwa huweza kudumu karibu na 400, lakini bingwa huyo haji kukuchajia simu. Na hizo wati 100 hazifiki zote. Mnyororo unakula chake, mkanda unakula chake, mota ndiyo mlafi kuliko wote. Ukikanyaga kwa wati 100 ukaona 60 zinaingia kwenye betri, umejenga vizuri.

Tuifanyie hesabu. Saa moja ya jasho ni wati-saa 60. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000, kwa hiyo kuipata uniti moja unakanyaga saa 16 na ushee. Pasi ya wati 1,000 inamaliza kazi ya saa yako yote kwa muda usiofika dakika nne. Birika la umeme ni hivyo hivyo, na jiko msilitaje kabisa. Ila zigeuzie hizo wati-saa 60 kwenye taa ya LED ya wati 5: inawaka saa 12. Simu ya kisasa ina betri ya wati-saa kama 15, basi unajaza tatu kwa uhakika. Redio inaimba mpaka uichoke. Kwa hiyo mimi hupanga mambo kinyume na wengi. Naandika kwanza vitu ninavyotaka kuwasha, naviweka mbele ya mguu, mota inakuja mwisho.

Haya, mota. Tangu Michael Faraday aonyeshe mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogea karibu na koili, yaani waya uliosokotwa duara, umeme unazaliwa, kanuni haijabadilika. Mota ya DC, yaani ya umeme unaokwenda upande mmoja kama wa betri, yenye sumaku za kudumu, ukiipa umeme inazunguka, na ukiizungusha inakupa umeme. Zipo kwenye mashine za kukimbilia mazoezini zilizokufa na kwenye skuta za umeme.

Wengi hukimbilia alteneta ya gari, ile inayochaji betri injini ikiwaka, kwa sababu inapatikana kirahisi. Mimi siipendi kwa kazi hii. Haina sumaku za kudumu. Inategemea mkondo kutoka kwenye betri ili ijitengenezee usumaku, na mkondo huo unaweza kula wati 40 kabla hujavuna kitu. Tena inataka kuzungushwa mbio sana. Ilibuniwa kwa injini yenye nguvu za kumwaga. Kwenye mguu wa mtu, ni kumlisha mbwa ili alinde chakula cha mbwa.

Ukishapata mota ya sumaku, soma kibandiko chake. Tuseme kimeandikwa volti 100, mizunguko 4,000 kwa dakika. Gawanya: kila volti moja inadai mizunguko 40. Betri ya volti 12 inapojaa hupanda hadi karibu 14, na volti kama 3 hupotelea ndani ya mota na kwenye daiodi, kile kifaa kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Jumla 17. Zidisha kwa 40, unapata mizunguko 680. Mguu unaoendesha kwa raha hupiga mizunguko 65 hadi 70 kwa dakika. Kwa hiyo mota izunguke mara 10 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali.

Mara 10 inapatikanaje? Gia ya mbele yenye meno 48 ikivuta ya nyuma yenye meno 16, gurudumu linazunguka mara 3. Vua tairi, vua tyubu, pitisha mkanda kwenye rimu tupu yenye kipenyo cha sentimita 60 hadi kwenye puli ya sentimita 18 iliyofungwa kwenye mota. Hapo unapata mara 3.3 nyingine. Tatu mara tatu na kidogo, kumi hiyo.

Kuna wanaobana tairi moja kwa moja kwenye shafti nyembamba ya mota. Ni rahisi kufunga, nakubali. Lakini shafti ya sentimita 5 chini ya tairi la sentimita 70 inakupa mara 14, ukizidisha na gia ni mara 42. Kwa mota yetu hiyo ni volti zaidi ya 70! Juu ya hayo, tairi linalobonyezwa linapoteza nguvu na kulika upesi.

Njooni karibu muone kitu. Betri imeunganishwa. Nakanyaga taratibu, mizunguko 45, mita inasoma ampea sifuri na pedali ni nyepesi kama imekatika mnyororo. Naongeza. Nikipita 55 hivi, ghafla pedali inauma. Mmeona paja langu? Volti za mota zimeipita betri na mkondo umeanza kuingia. Sasa niko 70, mita inacheza karibu na ampea 5, na sitaki kuongea sana.

Uzito huo haulingani mzunguko mzima. Pedali zikisimama wima, moja juu moja chini, mguu hauna nguvu, na mwendo unakatika mara mbili kila mzunguko. Dawa yake ni flaiwili, yaani gurudumu zito lenye uzito wake pembeni, mbali na katikati. Sahani ya chuma inafaa, hata rimu iliyojazwa zege. Usiliache wazi, lifunike kwa kinga ya waya, kwa sababu linaendelea kuzunguka baada ya mguu kusimama na halichagui vidole.

Upande wa nyaya, daiodi si hiari. Bila hiyo, ukipumzika betri inaizungusha mota, huku chaji yako ikiisha. Chagua ya ampea 15 au zaidi, uifunge kwenye kipande cha alumini maana inapata moto. Fyuzi ya ampea 10 ikae jirani kabisa na nguzo chanya ya betri. Mita ya volti ifungwe kwenye usukani: ikifika 14.4, acha. Betri ya asidi inayochajiwa hutoa gesi inayowaka, kwa hiyo iwe mahali penye hewa.

Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, mimi huiacha ikiwezekana. Inakula wati kadhaa hata kama haijawasha kitu, na wati kadhaa kwenye hesabu yetu ni taa nzima. Simu na taa zichukue moja kwa moja kwenye volti 12 kupitia kigeuzi kidogo cha kurekebisha volti. Na tafadhali, usichomeke mashine hii kwenye soketi ya ukutani ukidhani utaisaidia nyumba. Fundi anayeshughulikia waya nje akijua umeme umekatika anaweza kuuawa nao.

Mzee pale nyuma ameuliza kuhusu friji. Friji ndogo hutumia wati-saa mia kadhaa kwa siku, mzee wangu. Ungehitaji watu wa kupokezana mchana kutwa, nao watataka kula. Haya, nani anapanda wa kwanza?